Roma iliangushwa na nini hasa? Kuna kreti la soda mezani

Mzee wa Kijiwe (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Jana kijiweni tulishindwa kuelewana. Mimi nilisema Dola la Roma liliangushwa na Wahuni. Jirani yangu, seremala, akasema hapana, Roma iliuliwa na risasi. Kijiwe kizima kikaangua kicheko, mmoja akauliza mwaka 476, Roma ilipoanguka, bunduki zilitoka wapi. Kumbe mwenzetu ana maana ya risasi madini, ile waliyotengenezea mabomba ya maji. Anasema Warumi walikunywa sumu kidogo kidogo mpaka wakawa mazezeta, adui alipokuja akakuta nyumba haina mwenyewe.

Tumewekeana kreti la soda. Hakimu ni muuza kahawa, na ameshatangaza kwamba anataka sababu moja, hataki hotuba. Wajuzi njooni. Moja tu, ile mama.

Kidole Juu (#2)

Wahuni wa mtaa gani mkuu? Maana hata huku kwetu wamejaa na serikali ipo palepale.

Mwalimu Zamu (#3)

Kidole Juu, Wahuni ni watu wa Attila, wapanda farasi waliotokea nyika za mashariki. Ila mleta uzi naye kachemka. Attila hakuiteka Roma. Mwaka 451 alizuiwa Gaul, yaani Ufaransa ya leo. 452 akaingia Italia, akageuza. 453 akafa usiku wa harusi yake, na miaka michache baadaye himaya yake ikasambaratika. Ikafa kabla ya ile anayosingiziwa kuiua.

Walichofanya Wahuni ni kuwasukuma wengine. Mwaka 376 Wagothi walifika ukingo wa mto Danubi wakiwakimbia, wakaomba kuvushwa kama wakimbizi. Wakavushwa. Maofisa wa Kirumi waliopewa jukumu la kuwalisha wakaona hiyo ni biashara. Njaa ilipobana wakaanza kuwauzia mbwa wawale: mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja, na kati ya waliotolewa utumwani walikuwemo watoto wa wakubwa wao. Baada ya miaka 2, tarehe 9 Agosti 378, wakimbizi walewale wakalichakaza jeshi la Roma pale Adrianople. Kaisari Valens akafia hapohapo na maiti yake haikuonekana.

Mwambie muuza kahawa: sababu ni wizi wa chakula cha wakimbizi.

Kishoka (#4)

Hiyo ya mbwa ni chai.

Mwalimu Zamu (#5)

Kishoka, aliyeandika ni Ammianus, mwanajeshi wa Kirumi aliyeishi wakati huohuo, na anawataja maofisa hao kwa majina, Lupicinus na Maximus. Siyo Mgothi mwenye kinyongo. Anawasema watu wa kwao.

Fundi Bomba (#6)

Naomba niingilie la risasi maana hilo ni la kwetu sisi mafundi.

Seremala abaki na mbao zake. Ni kweli mabomba yao mengi yalikuwa ya risasi, na ni kweli risasi ni sumu. Lakini maji yanayoletwa Roma kutoka milimani yana chokaa nyingi. Mwaka juzi nilikata bomba la kisima kwenye nyumba moja ya wageni, halina hata miaka 15, ndani nikakuta tabaka jeupe gumu kama ganda la yai, limebakiza tundu la kupitisha kidole kidogo. Maji ya aina hiyo yanajipakia plasta yenyewe ndani ya bomba, risasi hayaigusi tena. Isitoshe maji yao yalikuwa yanatiririka usiku na mchana, hayalali bombani kama yetu ya mgao.

Kama ni risasi, tafuteni kwenye masufuria. Walikuwa wanachemsha maji ya zabibu kwenye vyungu vya risasi mpaka yawe mazito matamu, wakatia kwenye mvinyo. Hapo nakubali kuna watu waliumia. Lakini Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya mashariki (Istanbul ya leo), nao walikuwa Warumi wenye mapishi hayohayo, mbona wao waliendelea miaka 1,000 zaidi?

Mzee wa Kijiwe (#7)

Fundi ubarikiwe. Hilo ganda la yai nampelekea leo leo.

Kaka Ratili (#8)

Watu mnazunguka mbuyu. Sababu ni pesa. Wakati wa Augusto, Kaisari wa kwanza, dinari ya Roma ilikuwa karibu fedha tupu. Kila Kaisari akija na madeni yake anapunguza fedha, anaongeza shaba. Kufikia miaka ya 260 mwishoni sarafu ina fedha chini ya asilimia 5, imepakwa juu tu ing'ae. Bei zikapaa. Mwaka 301 Diocletian akatoa orodha ya bei elekezi, kuanzia ngano mpaka ujira wa kinyozi, na adhabu ya kifo kwa atakayezidisha. Wafanyabiashara wakaficha mali.

Ni kama maziwa tuliyokuwa tunaletewa asubuhi. Mwezi wa kwanza mazito, wa pili yanatiwa maji kikombe, wa tatu vikombe viwili. Mwaka ulipoisha mtoto alikuwa ananiuliza kama ng'ombe anaumwa. Roma ilikufa hivyohivyo, kwa kuongezwa maji.

BintiMkunazini (#9)

Kaka Ratili, mfano mzuri, tarehe haziko sawa. Kaisari Konstantino alileta sarafu mpya ya dhahabu, solidus, 72 kwa ratili moja ya Kirumi, na ile haikutiwa maji. Ilidumu na uzito wake hadi karne ya 11. Ina maana dola la magharibi lilianguka likiwa na sarafu nzuri kabisa ya dhahabu, zaidi ya miaka 150 tangu maziwa yako yaharibike. Mgonjwa alikuwa ameshapona ugonjwa huo.

Mimi nitasema sababu ambayo wanaume wa kijiweni hamuipendi: mirathi. Kaisari Theodosius alikufa Januari 395, dola likagawiwa wanawe wawili. Magharibi akapewa Honorius, umri wake miaka 10. Mwaka 425 akawekwa Valentinian III, miaka 6. Sita! Mtoto hajajua kufunga viatu, anamiliki kuanzia Hispania mpaka Tunisia.

Nimeliona hili nyumbani. Marehemu babu aliacha duka la vifaa vya ujenzi, mrithi mwanafunzi wa darasa la nne, msimamizi mjomba. Mjomba alikuwa mchapakazi kweli, lakini kila jioni shangazi wanamnong'oneza mtoto kwamba mjomba anataka kukupora. Mtoto alipopata akili ya kushika funguo, cha kwanza alichofanya ni kumfukuza mjomba. Duka halikumaliza miaka miwili.

Sasa mtazameni Stilicho, jenerali wa Honorius, baba yake Mvandali, mama Mrumi. Ndiye aliyekuwa anamzuia Alaric na Wagothi wake. Agosti 408 watu wa ikulu wakanong'ona, Honorius akaamuru auawe. Halafu wenye miji wakawaua wake na watoto wa askari wa kigeni waliokuwa wanalitumikia dola. Askari hao, inasemekana 30,000, wakaenda wapi? Kwa Alaric, tena wakiwa na uchungu. Alaric akaizingira Roma. Ili aondoke akadai dhahabu ratili 5,000, fedha ratili 30,000, kanzu za hariri 4,000, ngozi nyekundu 3,000 na pilipili manga ratili 3,000. Akapewa. Tarehe 24 Agosti 410 akarudi akaingia.

Na Valentinian III? Mwaka 454 alimuua jenerali wake Aetius kwa upanga wake mwenyewe, Aetius yuleyule aliyemzuia Attila. Miezi sita baadaye naye akauawa na watu wa Aetius. Kutoka hapo makaisari 9 kwa miaka 21.

Kidole Juu (#10)

Pilipili manga ratili 3,000 ni kilo ngapi? Huyo jamaa alikuwa anapika pilau ya nani?

BintiMkunazini (#11)

Ratili yao ilikuwa kama gramu 327, kwa hiyo karibu tani nzima. Pilipili manga ilitoka Malabar, ikavuka bahari kwa pepo hizihizi za kusi na kaskazi, ikapanda Bahari ya Shamu hadi Misri. Kule Ulaya thamani yake unaijua mwenyewe.

Kidole Juu (#12)

Tani moja ya pilipili manga halafu mnatuambia hakuna aliyekuwa na bunduki.

Sista Wadi ya Tatu (#13)

Nimemaliza zamu nasoma hapa macho mekundu. Mbona hakuna anayetaja maradhi? Mwaka 165 askari walirudi kutoka vita vya mashariki na gonjwa linalofanana na ndui. Tabibu Galen ameeleza vipele vyake. Kutoka mwaka 249 likaja jingine, likaenda kama miaka 15. Watu wakipungua, walipa kodi wanapungua, askari wanapungua, mashamba yanabaki pori, unaanza kuajiri watu wa nje ya mpaka. Hapo ndipo hao Wagothi wa Mwalimu wanapata nafasi.

Kishoka (#14)

Sista kwa heshima zote, mtu aambukizwe mwaka 165 afe mwaka 476? Miaka 311! Huyo siyo mgonjwa, huyo ni mzimu.

Sista Wadi ya Tatu (#15)

Kishoka, kuna mtu anapona nimonia lakini mapafu hayarudi kuwa yale ya zamani. Anatembea, anacheka, anaenda kazini. Akipata mafua ya kawaida mwaka wa kumi anaondoka nayo. Kwenye cheti wanaandika mafua.

Kishoka (#16)

Sawa, hapo umenikamata kidogo.

Mtumishi (#17)

Bwana asifiwe. Yupo Mwingereza aitwaye Gibbon, alianza kuchapisha mwaka 1776, naye aliulaumu pamoja na mengine Ukristo, kwamba uliwalainisha watu na vijana wakakimbilia monasteri badala ya jeshini. Mimi ni mtu wa kanisa ila naileta ili ijadiliwe.

Mwalimu Zamu (#18)

Mtumishi, jibu la hilo lipo kwa Fundi Bomba #6. Mashariki walikuwa Wakristo kuliko magharibi, watawa tele, na walidumu hadi 1453. Tena Wagothi na Wavandali wenyewe walikuwa Wakristo, tofauti yao ilikuwa madhehebu ya Arius. Alaric alipoingia Roma aliamuru waliokimbilia makanisa ya Mtakatifu Petro na Paulo wasiguswe.

Karani Mstaafu (#19)

Nimefanya kazi ya kukusanya ushuru miaka 28, kwa hiyo naongea nikijua ninachokisema.

Mwaka 449 Konstantinopoli ilituma ujumbe kwa Attila, na ndani yake alikuwemo mtu anaitwa Priscus aliyeandika safari yote. Asubuhi moja anatembeatembea nje ya boma la mkubwa mmoja wa Kihuni, mara mtu kavaa kihuni, nywele kanyoa mviringo, anamsalimia kwa Kigiriki safi. Priscus akashtuka. Jamaa alikuwa mfanyabiashara kutoka Viminacium, mji wa Kirumi kando ya Danubi. Alitekwa, akapigana vitani upande wa waliomteka, akajinunua kwa ngawira, akaoa huko, ana watoto. Anasema harudi. Kwa nini? Kwa Warumi kodi inakamua, kesi ya tajiri haiishi na ya masikini haianzi, ukitaka hakimu akusikilize lipa kwanza, ukitaka karani wake alete faili lipa tena. Priscus akajaribu kutetea sheria za Roma. Jamaa akatokwa na machozi, akasema sheria ni nzuri na dola ni zuri, lakini wanaolishika wanaliharibu.

Kwa uzoefu wangu mtu hakimbii kodi. Anakimbia ile ya pili, ya kumpa karani. Nimewaona wafanyabiashara wazima wakihama wilaya kwa sababu ya mtu mmoja kwenye dirisha moja. Sitasema wilaya gani.

Kaka Ratili (#20)

Mzee Karani na wewe ulikuwa dirisha la ngapi?

Karani Mstaafu (#21)

Nilikuwa stoo.

Kapteni wa Jahazi (#22)

Yote mliyosema yangeweza kuvumilika kama si bahari. Sikilizeni.

Mji wa Roma haukujilisha. Ngano na mafuta vilitoka ng'ambo, na kwa upande wa magharibi ghala lilikuwa Afrika. Siyo bara zima, Afrika ya Warumi ni Tunisia ya leo na kandokando yake, sisi wengine jina tumelirithi tu. Mwaka 429 Wavandali chini ya Gaiseric walivuka kutoka Hispania. Oktoba 439 wakaichukua Karthago bila jasho, na bandari pamoja na meli zake. Siku hiyo Roma ikapoteza chakula na kodi kwa mpigo. Bila kodi ya Afrika unawalipa nini askari wa Aetius?

Walijaribu kuirudisha. Mwaka 460 Kaisari Majorian alikusanya meli Hispania, Wavandali wakazikamata na kuziharibu kabla hazijang'oa nanga. Mwaka 468 Mashariki na Magharibi wakaungana, meli zaidi ya 1,000 kwa hesabu ya waandishi wa zamani, amiri wao Basiliscus, shemeji ya Kaisari wa Mashariki. Wakatia nanga karibu na Karthago. Gaiseric akaomba siku tano za kufikiri. Basiliscus akampa! Nahodha yeyote anajua Gaiseric alikuwa anasubiri nini. Upepo ukageuka, ukawa unaelekea kwenye meli za Warumi zilizobanana. Akawasha majahazi matupu, akayaachia. Waandishi wanasema usiku ule zilisikika kelele za upepo, moto kupasua mbao, na watu wakiyasukuma majahazi kwa miti. Basiliscus alirudi Konstantinopoli akajificha kanisani.

Hazina ya Mashariki ikabaki tupu, na ya Magharibi ilikuwa tupu tangu zamani. Miaka minane baadaye ndiyo 476. Mleta uzi, andika: siku tano.

Mzee wa Kijiwe (#23)

Nimesoma #22 kwa sauti kijiweni. Seremala amekaa kimya. Muuza kahawa anauliza shemeji alipewaje meli zote hizo.

Kidole Juu (#24)

Muuza kahawa ni mgeni duniani?

Mbongo Bologna (#25)

Salaam kutoka Italia. Nafanya kazi jikoni huku, Ravenna ni safari ya treni tu, nimeenda mara mbili siku za mapumziko. Mji mkuu ulihamia kule mwaka 402 kwa sababu ulizungukwa na vinamasi. Ukifika unategemea kuona mahali dola lilipofia. Hakuna. Kuna baiskeli, wastaafu wanakunywa kahawa, na makanisa ya matofali ambayo kwa nje huwezi kuyatazama mara mbili, ukiingia ndani ukuta mzima ni vioo vidogo vya dhahabu na buluu. Nje kidogo kuna kaburi la Theodoric, mfalme Mgothi, paa lake jiwe moja la upana wa kama mita 10, lina ufa. Mtu aliyeagiza jiwe lile hakujiona mshenzi aliyeua Roma. Alijiona anaiendeleza.

Yenyewe hiyo 476 ilikuwa hivi. Kaisari alikuwa kijana, Romulus, watu wakimwita Augustulus, Augusto mdogo. Kwa kwetu ni kama kusema Kaagusto. Mwenye nguvu alikuwa baba yake, Orestes, ambaye zamani alikuwa katibu wa Attila. Haya Mzee wa Kijiwe, Wahuni wako wanarudi kwa mlango wa nyuma. Askari wakadai ardhi, theluthi ya Italia, Orestes akakataa, wakamgeukia kamanda wao Odoacer, Orestes akauawa Agosti. Tarehe 4 Septemba Ravenna ikachukuliwa. Odoacer akamwonea huruma mtoto, akampa kiinua mgongo cha sarafu za dhahabu 6,000 kwa mwaka na nyumba Campania, akale upepo wa bahari. Mavazi ya kifalme yakapakiwa yakapelekwa Konstantinopoli kwa Kaisari Zeno, na ujumbe kwamba Kaisari mmoja anatosha. Seneti ikaendelea na vikao. Kule Dalmatia alikuwepo Kaisari mwingine aliyepinduliwa, Julius Nepos, Mashariki wakimtambua mpaka alipouawa 480.

Kwa hiyo swali la uzi lina kasoro. Mnatafuta muuaji na marehemu hajulikani alikufa lini. Mimi nasema aliyeimaliza Italia ni Kaisari Justinian mwenyewe, alipotuma jeshi 535 kuikomboa. Vita miaka karibu 20. Mwaka 537 Wagothi wakakata mifereji ya maji ya Roma. Mji uliowahi kuwa na watu kama milioni ukabaki na maelfu machache.

Fundi Bomba (#26)

Mifereji! Mwisho wa yote ni maji, mnaona?

Mtoto wa Lamu (#27)

Asalaam aleikum. Huyo wa Bologna amesema nilichotaka kusema, naongeza la kwetu. Kwa watu wa pwani Roma haikufa 476 kabisa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, jina lake jingine ni Chuo cha Herkal. Herkal ni nani? Ni Heraclius, Kaisari wa Rumi aliyetawala 610 hadi 641. Zaidi ya miaka 130 baada ya "mwisho" wenu Rumi bado ni dola kubwa hata linatungiwa utendi. Na Qurani ina sura nzima, ya 30, Ar-Rum. Mwisho ni Konstantinopoli, tarehe 29 Mei 1453, na sababu yake ni mizinga ya Sultani Mehmed wa Waturuki.

Kishoka (#28)

Subiri. Mizinga? Basi seremala kashinda, Roma iliuliwa na risasi.

Mtoto wa Lamu (#29)

Mizinga ile ilirusha mawe, sheikh.

Kidole Juu (#30)

Nimecheka mpaka mteja kaondoka.

Mjukuu wa Tanga (#31)

Na mimi nina la kuchangia, silo la kitaalamu. Bibi aliniachia sarafu ya rupia ya Mjerumani, ya mwaka 1911. Upande mmoja mtu kavaa kofia yenye ndege, pembeni kumeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR. Hicho ni Kilatini. Wajerumani walimwita Kaiser, ni Kaisari uleule. Yaani mwaka 1911 bibi yangu ananunua chumvi sokoni kwa pesa yenye cheo cha Kirumi, na nyie mnabishana ilikufa 476 au 1453.

Kaka Ratili (#32)

Mjukuu, hiyo rupia ina fedha asilimia ngapi? Kama unauza njoo faragha.

BintiMkunazini (#33)

Mwanahistoria wa Kijerumani, Alexander Demandt, mwaka 1984 aliorodhesha sababu 210 zilizowahi kutolewa na watu. Sisi hata 15 hatujafika.

Mwalimu Zamu (#34)

Karibu zote hizo zinakwama kwa swali moja la Fundi: mbona Mashariki haikuanguka? Mashariki ilikuwa na ukuta wa Konstantinopoli, wa Theodosius wa Pili, ilikuwa na Misri ya ngano, na bahari kati yake na Gaiseric. Kwa hiyo nimemwelewa Kapteni, ingawa mbwa wangu siwaachi.

Kapteni wa Jahazi (#35)

Mwalimu, na Mashariki shemeji walikuwepo. Basiliscus huyohuyo alikuja kupindua akawa Kaisari mwaka 475. Kwa hiyo shemeji siyo sababu, upepo ndio sababu.

Mzee wa Kijiwe (#36)

Wakuu, mrejesho. Muuza kahawa amesikiliza mpaka #31, akasema hatoi hukumu mpaka ajue marehemu alikufa lini, na kwamba hata hivyo swali la wahuni na risasi wote tumeshindwa. Tukaamua kila mtu alipe nusu kreti. Soda zimenyweka jana saa kumi jioni, Kishoka naye alitokea, sijui nani alimwelekeza.

Sasa chupa zimerudi 23. Mwenye duka anataka 24 na amezuia pesa ya kreti. Seremala anasema ni mimi, mimi nasema ni Kishoka.

Kishoka (#37)

Nilikuja na yangu.